Kanuni ya Miezi Saba

Kanuni iliyomkataa binti yangu niliiandika mimi mwenyewe. Niliiandika, nikaipenda, nikawaita wenzangu waje kuiona. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nimekuja kulalamikia watu wengine tu. Hasira ninayo, na watu wengine watapata sehemu yao. Lakini tuanze na mimi.

Kazi yangu iko Garland, karibu na Dallas, Marekani, ofisi ya vyumba viwili nyuma ya duka la matairi. Wafanyakazi wetu wanazunguka kwenye nyumba za familia za wakimbizi, Mesquite, DeSoto, hapo hapo Garland, wanajaza fomu za karatasi: majina ya wazazi, majina ya watoto, tarehe za kuzaliwa, magonjwa. Sisi wa ofisini tunazipiga kwenye kompyuta ziwe mafaili ya XML, yaani maandishi ya kawaida ambayo kila kitu kimefungwa ndani ya lebo yake. Mama ana lebo yake, mtoto ana yake, tarehe ina yake. Faili linakwenda makao makuu Houston, linakaguliwa na mashine, na likiwa safi linapelekwa kwenye kliniki. Likiwa na kosa linarudi kwetu. Na faili likirudi, mgonjwa haonwi na daktari. Ni hivyo tu, hakuna cha kubembeleza.

Niliingia pale kama mtu wa kuskani karatasi. Nimesoma sekondari, nikaimalizia kwenye kambi ya wakimbizi, mchepuo wa ualimu, basi. Fundi aliyekuwa anashughulika na ukaguzi aliacha kazi, mafaili yakaanza kurudi kwa mafungu, na hakuna aliyejua kwa nini. Nikaanza kusoma. Kitabu sikuwa nacho. Nilisoma ujumbe wa makosa, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaelewa ile mashine inafikiri vipi. Nikagundua kwamba haifikiri. Inafuata karatasi ya masharti inayoitwa skima, na masharti hayo yanaandikwa kwa lugha, na lugha ziko nyingi, na kila moja ina inachokiona na isichokiona.

Mkubwa wao kwa umri ni DTD. Huyu anajua nani anakaa ndani ya nani: mtoto ndani ya familia, tarehe ndani ya mtoto, jina kwanza, tarehe baadaye. Zaidi ya hapo hajui kitu. Ukiandika ndani ya lebo ya tarehe kwamba mtoto alizaliwa wakati wa mvua, DTD inakubali. Kwake maandishi ni maandishi.

XML Schema, ambayo Houston ndiyo waliyoitegemea, ni kali zaidi. Inataka tarehe iwe tarehe kweli, uzito uwe namba, na siku ya thelathini ya Februari inaitupa nje. Ila inaandikwa kwa maneno mengi kupita kiasi, jambo la mstari mmoja linajaza ukurasa. Na ina roho ya karani wa mpakani. Karatasi yako ikiwa na picha, muhuri na sahihi, unapita. Kama wewe siye uliye kwenye picha, hilo halimhusu. Toleo tulilokuwa nalo sisi liliangalia kila lebo peke yake. Kulinganisha tarehe ya mtoto mmoja na ya ndugu yake haikuweza.

RELAX NG niliipenda kuliko zote. Masharti yake ni mafupi, unayasoma kama sentensi, na haigombani na mtu kuhusu mpangilio kama mpangilio hauna maana. Lakini nayo ni lugha ya umbo. Inakuambia nyumba ina mlango na madirisha. Nani anaishi ndani, haiulizi.

Anayeuliza ni Schematron. Schematron haichori umbo lolote. Inaingia ndani ya faili lililokwisha kujengwa na kuuliza: je, mtoto huyu ana umri mkubwa kuliko mama yake? Je, aliyeandikwa kwamba amefariki ana miadi ya wiki ijayo? Na jibu likiwa baya, ujumbe wa kosa unauandika wewe, kwa maneno yako, kwa lugha yako. Mimi niliuandika kwa Kiswahili, kwa sababu wapiga kompyuta wote sita wa Garland tunaongea Kiswahili, cha Uvira, cha Bujumbura, cha Nairobi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusaidiwa na ujumbe unaosema kwamba thamani si halali kwa aina yake.

Kanuni yangu ilizaliwa kwa sababu ya tarehe. Sisi tunaanza na siku, Wamarekani wanaanza na mwezi. Mama anasema tarehe tano mwezi wa tisa, mfanyakazi anaandika tano kisha tisa, mpigaji anasoma Mei tarehe tisa. Mtoto amekuwa mkubwa kwa miezi minne akiwa amekaa kwenye kochi. Ikiwa siku ni zaidi ya kumi na mbili, kosa linajitangaza lenyewe. Ikiwa ni chini ya hapo, DTD inasema sawa, XML Schema inasema sawa, RELAX NG inasema sawa, na kuna mtoto alipangiwa chanjo ya umri usio wake.

Nikakaa, nikawaza kama mwanamke aliyezaa. Nikaandika: watoto wa mama mmoja, kama si mapacha, hawawezi kupishana chini ya miezi saba. Ujumbe wake: “Mama mmoja hawezi kuzaa mara mbili ndani ya miezi saba. Angalia tarehe.” Wiki ile ile ikanasa mafaili ambayo yangepita kila mlango. Houston walinisifu kwa barua pepe. Nilitembea ofisini kama mtu aliyejenga daraja.

Kisha, Jumanne moja, likarudi faili langu.

Nina watoto wawili, wa kiume na wa kike, wote wana miaka minne. Wa kike jicho lake la kushoto lilikuwa linakimbilia puani. Daktari wa watoto alisema jicho lile lisipofanyishwa kazi mapema, ubongo utazoea kuliacha, na ukishazoea, miwani haitasaidia. Alimpatia nafasi kwa bingwa wa macho Dallas, Ijumaa ya wiki ile. Faili lisipokuwa limefika Ijumaa asubuhi, nafasi inapewa mwingine na sisi tunarudi mwisho wa orodha, na orodha ilikuwa inafika hadi baada ya kiangazi. Mfanyakazi alikuwa amekuja kwangu akaniuliza maswali ya fomu mezani kwangu. Watoto wangapi? Wawili. Mama yao ni nani? Mimi. Sikufikiri hata kidogo.

Jumanne ile nikafungua ujumbe wa kosa, nikakuta maneno yangu. Mama mmoja hawezi kuzaa mara mbili ndani ya miezi saba. Angalia tarehe.

Tarehe zilikuwa sahihi. Mwanangu alizaliwa mwezi wa tatu. Binti yangu alizaliwa mwezi wa nane, mwaka ule ule, kambini, na dada yangu aliyemzaa alikufa siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama. Mimi nilikuwa nanyonyesha. Nikaweka mmoja huku na mmoja kule. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Hata kama dada yangu angekuwa hai leo, mtoto wake ni mtoto wangu, angeniita mama mdogo, na udogo huo ni wa umri tu. Kanisani wananiita Mama Mapacha na sijawahi kumsahihisha mtu.

Mwenzangu wa meza ya pili, mama mtu mzima kutoka Uvira ambaye sote tunamwita Yaya, yaani dada mkubwa, aliinama akasoma kioo changu.

“Bon, hiyo ni kitu kidogo,” akasema. “Sogeza mtoto mbele miezi mitatu. Nani atajua? Kwa karatasi za ukimbizi sisi wote hapa tulizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza, hata mbuzi wetu.”

“Yaya, ile siku siisogezi.”

“Ni namba tu, mama.”

“Ni siku aliyokufa dada yangu. Siisogezi hata kwa saa moja.”

Baadaye akaniletea chai bila kuniangalia.

Nikampigia mhandisi wa Houston, nikamweleza yote. Ni Mkenya, msomi, mtu wa heshima, na ndiye mwenye ufunguo wa skima zote. Siku za amani namwita kaka.

“Hiyo ni rahisi, dada,” akasema. “Si kuna lebo ya mlezi? Ji-enter kama mlezi.”

“Faili la mlezi linakwenda meza nyingine. Linakaa wiki.”

“Ni kweli, linakaa.”

“Na mimi si mlezi.”

“Kwa karatasi wewe ni mlezi.”

“Bwana mhandisi, nimekwambia mimi si mlezi.”

Alivuta pumzi. Kisha akanipa jambo ambalo sikulitegemea. “Basi tulia mpaka Alhamisi. Alhamisi kuna mkutano na mkurugenzi, na mimi napendekeza tutoe Schematron yote. Lugha mbili ni mob, ni nyingi sana kwa timu ndogo. Tunabaki na XML Schema peke yake. Kanuni yako ikitoka, faili yako inapita yenyewe. Wewe hufanyi kitu.”

Nilikata simu nikakaa. Nataka kusema ukweli hapa: nilitamani. Nikae kimya siku mbili, waondoe lugha ile, jicho la mtoto lipone. Nani angenilaumu? Lakini nilikuwa nimeyaona yale mafaili ya tarehe zilizopinduka. Ningenyamaza, wangu angepita, na wa mama mwingine angepewa dawa ya mtoto mkubwa. Na zaidi ya hayo, nilikuwa na hasira. Mtu hawezi kufuta kazi yangu nzuri kwa sababu ya kosa langu, bila hata kuniuliza kosa ni lipi.

Alhamisi asubuhi niliwafunga watoto kwenye viti vyao nyuma ya gari, nikashika barabara ya arobaini na tano kwenda Houston. Saa nne za kuendesha. Nilikuwa nimealikwa kusikiliza kwa simu. Niliona simu haitoshi. Kila baada ya muda niliwauliza kama wanataka kujisaidia, wakanijibu kwa Kiingereza kwamba hapana, na tulipopita Huntsville wakabadili jibu wote wawili kwa pamoja.

Kwenye chumba cha mkutano kulikuwa na mhandisi, mkurugenzi, ambaye ni mwanamke wa Kimarekani mwenye sauti ya chini, na mimi. Watoto niliwaweka kwenye zulia na kalamu za rangi. Mhandisi akaanza, na lazima nimpe haki yake, alisema vizuri. Alisema kliniki zote zinasoma XML Schema. Alisema akiondoka yeye, Houston hakuna mtu mwingine anayejua Schematron. Alisema kanuni zinazouliza maswali hukataa watu wa kweli, na hapo aliniangalia.

Zamu yangu ilipofika niliweka faili la kwanza kwenye ukuta kwa projekta, lenye tarehe iliyopinduka, majina nimeyafuta. Nikalipitisha kwenye DTD. Sahihi. XML Schema. Sahihi. RELAX NG. Sahihi. Nikamwambia mkurugenzi kwa Kiingereza changu kilichonyooka: mtoto huyu angedungwa sindano isiyo yake, na lugha tatu zimepiga makofi. Nikalipitisha kwenye Schematron, ikalikataa. Kisha nikaweka faili la pili, Schematron ikalikataa pia.

“Hili nalo lina kosa gani?” akauliza mkurugenzi.

“Halina kosa. Kosa ni la kanuni.”

“Nani aliandika kanuni?”

“Mimi.”

“Na faili ni la nani?”

Nikamwonyesha zulia. Binti yangu aliinua kichwa, jicho moja likimwangalia mkurugenzi, jingine likiangalia pua yake mwenyewe.

Nikaeleza. Skima yetu ina nafasi ya mama mmoja tu. Nikiwa mama, lazima niwe nimezaa, kwa sababu skima haina mama mwingine. Na hilo si kosa la lugha yoyote. DTD ingeweza kuruhusu mama wawili kwa alama moja ya kujumlisha. XML Schema ingeweza kwa neno moja. Watu waliokaa kuiandika ndio walioona mama mmoja anatosha. Ninachotaka, nikasema, ni lebo ile ile ya mama, mara moja au zaidi, na kila mama aandikwe kama alizaa au analea.

Mhandisi akatikisa kichwa. “XML Schema yetu haiwezi kusema kwamba katika mama hao, aliyezaa awe mmoja tu. Lebo zenye jina moja inazihesabu pamoja. Labda tupe majina mawili tofauti.”

“Mama na nani?”

“Mama na mlezi.”

Nikageukia Kiswahili. “Kaka, wewe ulilelewa na nani?”

“Usiniingize kwa hiyo.”

“Nakuuliza.”

“Na shosho.” Yaani bibi yake.

“Ulimwita mlezi?”

Mkurugenzi aliuliza tunasema nini. Mhandisi akakuna shingo. “Anasema jina la lebo lina maana,” akamjibu kwa Kiingereza, na sikumsahihisha.

Nikasimama kwenye ubao nikaandika kwa RELAX NG, mistari mitatu, kwa sababu yenyewe inaweza kutofautisha mama aliyezaa na mama anayelea ingawa lebo ni moja: wa kuzaa mmoja, wa kulea yeyote aliyepo. Ilikuwa nzuri. Mkurugenzi, ambaye si mtu wa kompyuta, aliisoma akaielewa. Lakini mhandisi alisema mashine za kliniki haziisomi, na ni kweli haziisomi, nikaifuta. Pale nilishindwa na bado inaniuma.

Tulichokubaliana ni hiki. XML Schema ibaki kwa umbo, iruhusu mama zaidi ya mmoja. Schematron ibaki kwa maswali: aliyezaa awe mmoja kwa kila mtoto, na miezi saba ihesabiwe kwake yeye, si kwa anayelea. Mkurugenzi akaweka sharti lake. Kila kanuni iwe na mwenyewe, na kanuni ikikataa faili zuri, mwenyewe ajibu siku hiyo hiyo. Nikasema ziandikwe zote kwa jina langu. Mhandisi akasema, “Utajuta,” na nikamwambia atanifundisha kujuta vizuri.

Alizibadilisha pale pale, mbele yangu. Kisha akanisogezea kompyuta yake ili nirekebishe faili.

Kwenye nafasi ya kwanza, mama aliyezaa, nilitakiwa kuandika jina la dada yangu. Jina lile sikuwa nimeliandika popote tangu tuondoke kambini. Kwa hasira zangu zote juu ya Houston na lebo zao, aliyemfuta dada yangu kwenye faili la mtoto wake hakuwa Houston. Mfanyakazi aliniuliza mama yao nani, nikasema mimi, na sikuongeza neno. Sikuwa nimedanganya. Lakini mtoto ana miaka minne na hakuna karatasi hata moja Marekani inayosema kwamba mwanamke yule aliishi, isipokuwa karatasi ya uangalizi tuliyopewa tukiondoka, ambayo naiweka chini ya godoro.

Nikaandika. Jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki. Kompyuta haikushangaa kwamba tarehe ya kufariki kwa mama na ya kuzaliwa kwa mtoto ni moja. Hakuna kanuni iliyouliza hilo, na sitaiandika. Kwenye nafasi ya pili nikajiandika mimi. Mhandisi alikuwa amegeuza kiti akiangalia dirishani. Faili likapita.

“Limeingia, dada,” akasema. “Nawapigia watu wa macho sasa hivi.”

Ijumaa asubuhi tulikuwa Dallas kwa bingwa. Mwanamke wa mapokezi alisoma kioo chake, akaniangalia, akauliza mimi ni yupi kati ya hao mama wawili. Nikamwambia wa pili, wa kwanza amefariki. Akasema pole, akamfunga mtoto utepe wa karatasi mkononi, akatuambia tukae.

Bingwa alifunika jicho zima, lile la kulia. Binti yangu, aliyekuwa anaimba, akanyamaza. Kwa jicho la kushoto aliona picha ya juu kabisa, nyumba, na nyingine zote akasema hakuna kitu pale. Nilikuwa nimeishi naye miaka minne na sikujua kwamba upande ule hakuna kitu. Bingwa akasema tumewahi, ila tulibakiza kidogo tuchelewe. Akatupa kiraka cha kubandika kwenye jicho zima saa kadhaa kila siku, ili lile bovu lifanye kazi.

Kila asubuhi sasa tunapigana. Anakivuta, namshika mkono, ndugu yake anajifanya hatuoni. Ananiambia kwa Kiingereza kwamba haoni, nikitoe. Ninamwambia kwa Kiswahili kwamba sikitoi, aangalie hivyo hivyo. Jana alikaa mezani na kiraka chake, akanung'unika sana, kisha akanyoosha kidole kwenye kikombe kilichokuwa upande wangu na kusema kina ufa. Nikakichukua, nikakigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa na ufa.